Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Mfupa ulipomchomoza kando ya kidole gumba cha mguu wa kulia, hadi kiatu kikakataa kuingia, hofu yake ilikuwa moja tu: kushona kutamshinda.

Daktari alisema hatampasua mguu mzima. Angetoboa vitundu vidogo, apitishe kichombo chembamba, aukate mfupa na kuunyoosha huku akiutazama kwenye eksirei. Alipomaliza, mume wangu alirudi nyumbani siku ileile, amevaa kiatu kigumu cha hospitali, akikanyagia kisigino. Tuliambiwa kidole kisisukume kitu mpaka mfupa uunge.

Bandeji ilipobadilishwa akaviona vile vitundu, akacheka. "Mke wangu, sindano yangu imeshanitoboa zaidi ya hapa. Tundu dogo, kazi ndogo."

Kesho yake nilikuwa jikoni nikasikia cherehani ikilia, kisha ikanyamaza ghafla. Nikamkuta kashika goti, jasho linamtoka.

"Umekanyaga?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini? Koti ukilifumua bitana ukalishona kwa ndani, nje panaonekana nini? Mfupa wako nao umekatwa kwa ndani."

Nikamfunga kiatu chake, tukarudi hospitali. Njia nzima hakunitania hata mara moja, nikajua anaogopa.

Picha ilionyesha mfupa umesogea, lakini si kiasi cha kurudia upasuaji. Daktari hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mama, mchunge mzee wako. Akikanyaga tena, kidole kitarudi kulekule."

Sare za wanafunzi zilikuwa zimerundikana hadi dirishani. Nikavuta stuli, nikabanana naye ubavuni. Mimi nikakanyaga, yeye akaongoza kitambaa.

"Polepole, bibie. Hatukimbizwi."

"Basi niambie mapema ukifika kwenye kona."

"Kona."

"Umechelewa."

Mifuko ya kwanza ilikwenda upogo, tukaifumua. Baadaye hakuhitaji kusema. Akiinua kiwiko, nami nilipunguza mwendo.

Daktari alipomruhusu, alishona mguu mzima wa suruali kwa kukanyaga mwenyewe, bila kukunja uso. Nilimtazama hadi mwisho wa mshono, kisha nikainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni. Si umepona?"

"Nimepona. Kaa."

Akanipa mkasi nikate nyuzi. Tulishona hivyo, ubavu kwa ubavu, miaka yote iliyobaki, mpaka maradhi ya kifua yalipomchukua.