Silegezi, Wifi

...legeza kidogo upande huu wa kushoto, wifi, pananibana, ndivyo alivyosema Felista, na futi yangu ya kupimia imesimama hapo hapo kifuani pake, haiendi mbele wala hairudi, pini zimejaa mdomoni, naye anaendelea tu na habari za sendofu ya binti yake Jenifa, ya kumuaga akaolewe, wageni wa Kilimatinde walale wapi, yule beberu wa jirani yao Enock amenenepa au amevimba tumbo tu, anacheka, na mimi nacheka kwa pua, jamani Felista, mkono wa kulia umeuinua mpaka juu, wa kushoto umeishia begani, unadhani sioni... maneno hayo hayo niliambiwa na mama yako, mama mkwe wangu, hapa hapa mbele ya cherehani hii, legeza hapa mwanangu, nikalegeza, msimu uliofuata nikalegeza tena, gauni lililofuata nilishona bila kumpima, jeupe, la kuzikiwa, Joseph mume wangu amekaa mlangoni analia na alizeti zimekauka shambani, miaka ile ugonjwa huo waliuita jipu la ndani, wengine wakasema karogwa, na aliyefika hospitali alifika kuaga, nani alirudi, hakurudi mtu, rafiki yangu Amne naye aliniambia legeza, yeye alivikwa sanda, kitenge chake kiko kabatini hadi leo siwezi kukikata... — Wifi, umelala? — Mmh... nimwambieje, atasema ngoja sherehe ipite, halafu ngoja mavuno, ukoo huu wote ni watu wa ngoja kwanza, na Joseph atasema namtabiria dada yake kifo, naogopa... lakini Happiness, mbona namsahau Happiness, yeye hakuomba kulegeza, alikuja na kipande cha sponji amekifunga kwenye kanga, wamelikata titi, fundi, saratani, nilikiwahi kivimbe kingali kidogo, hebu nijazie hapa nisizidiwe kifua na mume wangu, tukacheka mpaka machozi, na Jumapili huyo yuko mbele ya kwaya, sauti ile ile ya kukera, na mwaka huu amekuja mwingine na sponji yake, kutoka Misigiri kote huko, na mwingine wa hapa hapa Mwankoko, zamani sikuwahi kushona sponji hata moja, nilishona meupe tu, kumbe wanarudi siku hizi, wanaowahi wanarudi, na huyu anasema legeza, Mungu wangu, na mimi nimeshashika chaki... — Wifi, mbona unanitazama hivyo, utameza pini! ...futi bado ipo kifuani, mkono wake bado umeishia begani, Jenifa yuko nje anachambua vifungo kwenye kopo, basi Felista anune, aninunie sendofu nzima, anikalishe meza ya nyuma kabisa na wapishi, Joseph naye anune, lakini kesho asubuhi dada yake ninampeleka hospitali mwenyewe, natema pini kiganjani moja moja, na bado hajajua ninachotaka kusema, ananisubiri anacheka, silegezi, Felista, leo silegezi.