Vigelegele Viwili vya Risala

Mwaka uliotangulia, kwenye mahafali ya sekondari, risala ya Kiingereza ilipoanza tu, akina mama walinyanyuka kimyakimya kutoka kwenye turubai wakaenda kupiga soga nyuma ya madarasa. Bibi Rahel ndiye aliyetangulia. Safari hii msomaji alikuwa mjukuu wake, Dina, na Dina aliapa kwamba bibi yake hatoki. Akitoka, miaka yote minne ya sekondari ataiona bure.

Kwanza risala yenyewe ilibidi ikae sawa. Dina alikuwa ameimwagia alama za mshangao bila huruma. Mwalimu Godfrey alizifuta zote, akabakiza moja tu, ile ya kumkaribisha mgeni rasmi. Akamfundisha kwamba penye mkato avute pumzi kidogo, penye nukta atue kabisa, na penye kiulizo apandishe sauti.

Jioni Dina alikwenda uwanjani, ambako Bibi Rahel na wenzake walikuwa wakipura mtama, safu mbili zikitazamana, fimbo zikipanda na kushuka kwa wimbo. Akasimama kando akasoma. Wale wanawake wamezoea kufuata sauti ya anayeongoza, basi wakajikuta wanamfuata yeye. Penye mkato fimbo zikabaki hewani. Penye nukta zikatua kwa kishindo. Penye kiulizo wakaitikia "eeh", na penye mshangao vikapasuka vigelegele.

Lakini vigelegele mara moja tu? Bibi Rahel akataka kujua kama hayo ni mahafali au msiba. Wakamtuma Dina kwa mwalimu akawaombee nyongeza. Godfrey alicheka mpaka akavua miwani, akakubali mshangao wa pili kwenye sentensi ya kuwashukuru wazazi. Wa tatu akaukataa katakata, akasema alama hiyo si ya kumwaga ovyo.

Siku ikafika. Dina aliposhika kipaza sauti alianza kusoma mbiombio, maneno yakigongana. Ghafla, kutoka safu ya tatu, mkono wa Bibi Rahel ukapanda ukakaa hewani, na mikono ya wenzake ikafuata. Hapo palikuwa na mkato. Dina akavuta pumzi. Kuanzia hapo raha tupu: penye nukta viganja vilitua mapajani, penye kiulizo turubai zima liliitikia, na vigelegele vyote viwili vilitoka kwa wakati wake.

Mgeni rasmi akapagawa. Wazazi wanajua Kiingereza namna hii? Akaikunja hotuba yake ya Kiswahili, akaporomosha Kiingereza bila kutua popote. Maskini akina mama wakabaki mikono juu, hawajui waishushie wapi. Dina akakimbilia nyuma ya mgeni akawa anawapa ishara. Wakaitikia, mgeni akazidi kunogewa, na Godfrey akaficha uso kwenye leso, mabega yakimtikisika.

Alipomaliza, mgeni alishuka, akampa Bibi Rahel shikamoo na kumuuliza Kiingereza alijifunzia wapi. Dina alitamani ardhi ipasuke.

"Marahaba, baba. Sijui hata neno moja," alijibu bibi. "Ila huyu nimemlea mwenyewe. Akitaka kuvuta pumzi najua, akitaka kutua najua."

Mgeni aliangua kicheko, na turubai lote likamfuata. Dina, machozi na kicheko vikimtoka pamoja, alimkumbatia bibi yake palepale kwenye kiti ambacho hakukiacha hata kidogo.