Winny Anaeleza Hamira

Winny alikuwa na kigugumizi. Mwalimu Ndindi, aliyemfundisha sayansi gredi ya nane katika mtaa wa Dandora, hakupenda kumsimamisha darasani, maana wenzake walianza kucheka hata kabla hajafungua kinywa.

Muhula huo Ndindi alibadilisha kazi ya nyumbani. Badala ya kuandika majibu, kila mwanafunzi angeazima simu ya mzazi, arekodi video fupi na kueleza jambo moja la sayansi analoliona jikoni kwao.

"Ukikosea, futa uanze tena," aliwaambia.

Video nyingi zilizoingia zilikuwa za maji yakichemka, watoto wakikariri kitabu. Kisha ikaja ya Winny. Ilionyesha beseni la unga wa mandazi na mikono miwili, bila uso. Sauti ilikwama, ikapumua, ikaendelea. Alieleza jinsi hamira inavyokula sukari na kutoa gesi inayouinua unga. Kando aliweka unga mwingine, aliokanda kwa maji ya moto sana. Huo haukuwa umeumuka hata kidogo.

"Hamira imekufa," Winny akasema.

Nyuma yake mama akasikika, "Kumbe ndiyo maana mandazi ya juzi yaligoma kuumuka!"

Ndindi alicheka peke yake. Kesho yake akamwita Winny kando.

"Naomba niwaonyeshe wenzako video yako."

"Wa-watanicheka, mwalimu."

"Basi hawataiona, mpaka wewe mwenyewe useme."

Siku zikapita, Ndindi asiligusie tena jambo hilo. Asubuhi moja Winny akaja mezani kwake, akasema neno moja tu: "Onyesha."

Wanafunzi waliizunguka simu ya mwalimu, vichwa vikigongana. Hakuna aliyecheka. Ilipokwisha wakarudi vitini, na Sydney, bingwa wa kelele, akainua mkono.

"Sasa Winny, na maji baridi je? Pia yanaua hamira?"

Ndindi alitaka kujibu, akajizuia. Winny akasimama. Neno la kwanza likakataa kutoka. Thuo, aliyeketi kando ya Sydney, akafungua mdomo amsaidie, Sydney akamkanyaga mguu. Darasa zima likangoja.

"Ha-hayaui," Winny akasema hatimaye. "Yanaichelewesha tu. Utangoja sana unga uumuke."

"Na ukiongeza sukari?" Jacky akauliza.

Maswali yakafuatana. Ndindi akavuta kiti nyuma ya darasa, akaketi, akamsikiliza Winny akifundisha.