Weusi wa Nusu Dola

Imogene Stidham alianza kukusanya sarafu za zamani baada ya kufiwa na mumewe, na kama waanzaji wote, papara yake ilizidi maarifa. Mwalimu wake alikuwa Coy Ratliff, mwenye duka la sarafu katika mji mdogo wa bondeni, jimbo la Kentucky, Marekani, chini ya mgodi wa makaa. Tazama mwaka kwanza, Coy alimwambia. Kisha igeuze, utafute herufi ndogo chini ya mkia wa tai, ujue ilipigwa mji gani. Angalia ukingo: ukiona mstari mwekundu wa shaba, hiyo ni ya siku hizi, nenda kanunulie soda. Mwisho iangushe juu ya ubao, uisikilize. Sarafu ya fedha halisi hulia kama kengele ndogo, nyingine zote hugota tu.

"Na usije ukaisafisha," Coy alimwonya. "Hata ikiwa nyeusi kama sufuria. Ukiisugua umeichuna ngozi."

"Nimesikia, kaka Coy."

Kusikia alisikia. Lakini alijifunza haraka, Coy akamsifu mbele ya wateja, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alikuwa na kitabu cha kuwekea sarafu, chenye kishimo kwa kila mwaka na kila herufi, na ukurasa wa nusu dola ulikuwa na kishimo kimoja kilichomnyima raha: mwaka 1897, herufi S. Alikuwa akikifikiria hata kanisani.

Nyumbani alikuwa akimuuguza Shangazi Delphia, aliyemlea tangu mdogo. Juu ya rafu ya jikoni kulikuwa na kibati cha tumbaku, na ndani yake nusu dola mbili za macho, kama zilivyokuwa katika nyumba nyingi za bonde lile. Kila aliyefia humo ndani alifumbwa macho kwa hizo, zikaondolewa jeneza likikaribia kufunikwa, zikarudi kibatini. Hakuna aliyezigusa kabla ya msiba mwingine. Zilikuwa nyeusi tii.

"Weusi ule si uchafu," Shangazi alikuwa akisema. "Ni walichokiona walipokuwa wakiondoka. Afadhali kikae humo."

Asubuhi moja, Shangazi akiwa amelala, Imogene alikifungua kibati. Nusu dola ya kwanza haikuwa na herufi yoyote. Ya pili ilionyesha tarakimu za mwisho, tisa na saba, ila chini ya mkia wa tai weusi ulikuwa umeganda. Alichukua magadi na kitambaa, akasugua.

Weusi ulitoka, ukaendelea kutoka, hata maji ya beseni yakawa kama wino, mengi kuliko sarafu ndogo vile ingeweza kubeba. Alipoyamwaga uani, mbwa wake alisimama ukingoni mwa lile dimbwi, akakataa kulivuka. Imogene hakujali. Herufi S ilikuwa ikimwangalia, safi kabisa.

Dukani, Coy aliiangusha juu ya ubao, ikalia vizuri, akatabasamu. Kisha akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, na tabasamu likamtoka.

"Umeisugua."

"Kidogo tu."

"Kidogo! Ungeniletea ilivyokuwa ningeipa nafasi kwenye kabati la mbele. Sasa thamani yake ni uzito wake, ya kuyeyushwa. Maji yamemwagika, dada." Alitazama tena, akaondoa mkono ghafla. Naye alikuwa mtu wa bonde. "Umeitoa wapi hii? Kibatini?"

Imogene aliifunga sarafu ndani ya leso.

"Irudishe. Leo hii."

Alirudi nyumbani, akaitia kwenye kishimo chake kitabuni. Ilikaa barabara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila Imogene aliona miguu yake bado mizima.

Shangazi Delphia alifariki kabla ya Jumapili. Wanawake walipomwosha na kuagiza sarafu za macho, Imogene aliona haya. Ile inayong'aa ingemuumbua mbele ya bonde zima. Basi alichukua nusu dola ya siku hizi, akaipaka masizi ya jiko, akamwekea Shangazi kwenye jicho la kushoto. Ile nyeusi ya kweli akaiweka kulia.

Mchana sebule ilijaa watu, maharage na mkate wa mahindi. Twila, binti wa pekee wa Imogene, mjamzito wa miezi ya mwisho, alikuwa amekaa kwenye kiti cha bembea upande wa kushoto wa jeneza. Watu walikuwa wakiimba polepole, sarafu ikateleza, ikaanguka sakafuni. Tak.

Bibi Hester Combs, jirani aliyezika nusu ya bonde, aliinua kichwa. "Hiyo si fedha."

Jicho la kushoto la marehemu lilikuwa wazi.

"Anatafuta wa kuondoka naye," mtu alinong'ona. Kila mmoja aliufuata mwelekeo wa jicho, na kila mmoja akafika kwa Twila.

"Twila, mwanangu, hama hapo," alisema Bibi Hester.

"Jamani, na ninyi! Shangazi hakuwahi kunitisha hata akiwa hai," Twila alicheka, lakini akaenda kukaa dirishani. Hakuna aliyeliona jicho likigeuka. Walipolitazama tena, lilikuwa linaangalia dirishani. Twila aliacha kucheka, akashika tumbo. "Mama, mtoto ameacha kucheza."

Imogene alikimbilia chumbani, akaichomoa sarafu kitabuni hata karatasi ikachanika. Aliiweka jichoni. Ikateleza. Akaiweka tena, akabonyeza ukope kwa kidole, nao ulikuwa mgumu kama ubao.

"Umeisugua," alisema Bibi Hester. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Imogene. "Haina cha kumfumbia."

Imogene alijua wakati huo anachokipenda kuliko vyote, na hakikuwa kishimo cha kitabu. Alisimama kati ya jeneza na dirisha, akainama hadi uso wake ukakaribia uso wa maiti.

"Shangazi, mwizi ni mimi. Mwache mtoto. Kama ni wa kuondoka naye, nitazame mimi."

Jicho likageuka. Safari hii aliliona. Lilimtazama kama Shangazi alivyokuwa akimtazama utotoni akidanganya, kwa muda mrefu, kisha ukope ukashuka wenyewe. Aliweka sarafu juu yake, ikatulia.

"Mama!" Twila alikuwa akilia na kucheka. "Amepiga teke!"

Kabla ya jeneza kufunikwa, Bibi Hester aliziondoa sarafu, akamkabidhi Imogene bila neno. Kwa mazoea Imogene alitazama mwaka, akazigeuza atafute herufi. Hakuweza kusoma kitu. Zote mbili zilikuwa nyeusi tii, hata ile aliyoisugua.

Jioni walikuwa wakiosha vyombo.

"Kibati kiko palepale juu ya rafu," Imogene alimwambia binti yake.

"Najua, Mama."

"Siku ikifika, tumia hizohizo. Na usizisugue."

"Siku gani tena, Mama?"

Imogene alimpa sahani aikaushe.