Mzazi Hukaa Mwanzo

Yudith aliposema, "Shikamoo, babu," Mzee Bartolomayo aliitikia, "Marahaba, Injinia," naye akajua kwamba mambo yameharibika. Siku zote, kwa utani wa babu na mjukuu, alimwita "mke wangu".

Pampu ya kisima cha mzee pale Mkonze ilikuwa imeungua, na zabibu zake zilikuwa zimenyauka zikingali changa. Maji yalipokwisha kisimani, kidhibiti ambacho Yudith alikiandikia programu hakikuizima.

Nathanaeli, mkuu wake kazini, alikuwa amemtangulia kufika. "Ni madoido yake, mzee. Lugha ya C aliyoandikia programu haina urithi, yaani sehemu moja kurithi kazi za nyingine. Yeye akalazimisha."

Hapo alisema nusu ya ukweli. Pampu zilikuwa za aina nyingi, na Yudith hakutaka kuandika kila moja upya. Alitunga fungu moja la data, akaliita Mzazi, lenye anwani za kazi za kuwasha na kuzima. Kila aina ya pampu ikambeba Mzazi huyo mwanzoni kabisa mwa fungu lake. Programu ilimtafuta hapo tu, bila kuuliza. Juu yake Yudith aliandika onyo: Mzazi hukaa mwanzo.

Alifungua kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Katika toleo jipya la programu, mbele ya Mzazi palikuwa na mstari mgeni: jina la kampuni. Programu ilipotafuta anwani ya kuzima iliokota herufi za jina, ikapotea, na pampu ikaendelea kunguruma pakavu.

"Nani aliuweka?"

"Mimi," alisema Nathanaeli. "Jina la kampuni likae nyuma ya pampu? Na mashine iliikubali programu, haikulalamika."

Yudith alimgeukia babu yake. Mwalimu mkuu mstaafu huyo ndiye aliyemlea akimfundisha kwamba mwenye kosa hutajwa. Alingoja amtaje Nathanaeli.

"Onyo lako hili," aliuliza mzee akielekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta, "mashine inalisoma?"

"Hailisomi, babu. Ni la watu."

"Ipo namna ya kuifanya ikatae?"

"Ipo. Mstari mmoja."

"Huyu ni mpumbavu," alisema mzee, bila kumtazama Nathanaeli. "Lakini wewe ulijua komeo lilipo, ukabandika karatasi mlangoni."

Yudith aliuandika mstari ule kwa ajili ya pampu za wakulima wengine. Alipojaribu kuacha jina mbele ya Mzazi, mashine ilikataa. Akamwonyesha babu yake.

"Vyema, Injinia," alisema mzee, akachukua kisu na kwenda kukata vichala vilivyokauka.