Mstari wa Pili

Mtu akikuambia keki ni unga na sukari tu, mpe mfuko wa krimu akuchoree waridi. Feni izimwe, maana krimu haitaki upepo, jasho limchuruzike mpaka kiunoni, na mkono usitetemeke. Akishindwa, mwambie anyamaze. Mama mkwe wangu hata huo unga na sukari hakunipa. Yeye keki zangu aliziita povu la sabuni.

"Mwanangu ameoa povu," alikuwa akiwaambia wageni, nami nimesimama palepale na sinia la chai. "Pulizeni tu, kwisha habari yake."

Na mwanawe anacheka! Ati ni utani, mke wangu, mama ana mdomo lakini hana moyo mbaya. Haya. Mdomo na moyo wa mtu mmoja vinakaa nyumba tofauti, sikujua.

Nimtendee haki lakini. Yule mama alikuwa fundi. Alishona nguo maisha yake yote, na kusoma hakujua, jambo ambalo pale nyumbani halikutajwa hata kwa kunong'ona. Vipimo vya wateja aliviweka kwenye nyuzi zenye mafundo, kila mteja na uzi wake, zimening'inia ukutani juu ya cherehani. Hakuwahi kuchanganya. Alipitisha mkasi kitambaani bila chaki na mkato ukatoka umenyooka, ungedhani kuna reli chini ya kitambaa. Angenidharau mtu asiyejua kazi ya mikono, ningemcheka. Fundi akikudharau, unalala nayo na kuamka nayo. Nilitaka neno moja tu kutoka kinywani mwake, mbele za watu: fundi. Basi. Mengine yote ningemsamehe.

Alipotimiza miaka sabini, watoto wake wakaamua kumfanyia sherehe pale uani. Wifi yangu mkubwa akataka keki inunuliwe mjini, dukani kwa wanaojua. Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu anioe, akafungua kinywa kunitetea.

"Mke wangu atapika."

"Apike," akasema wifi. "Akituaibisha, asitafute pa kuweka uso humu ndani. Na Mama atakata kwa ajili ya picha tu. Daktari kakataza sukari, hata kidole asilambe."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake anasikiliza. Akasonya. "Nani anataka povu?"

Mume wangu sasa. Ndugu zake walimwita Malenga, kwa kejeli, maana kila harusi na kila msiba lazima asimame na shairi lake la kuhesabu kwa vidole. Akaniletea maneno ya kuandika juu ya keki, mistari miwili:

Mama yetu kwa heri
na amani uishi

"Saba kwa saba," akasema, kifua mbele. "Mizani imetulia."

Nikasoma. Nikasoma tena. "Hiyo kwa heri hapo mwisho wa mstari inanitia wasiwasi. Weka kwa furaha."

"Kwa furaha inafanya nane. Mizani itavunjika."

"Mizani ivunjike, nyumba isivunjike."

"Mstari wa pili unaeleza kila kitu, mke wangu. Nani atasoma mmoja aache mwingine?"

Nikaikunja karatasi yake. Shairi la mtu ni kama mtoto wake, huwezi kumwambia ana makengeza.

Keki ile, jamani. Nisiposema mimi, hakuna atakayesema. Niliitengeneza kama kitambaa kilichokunjwa, cheupe, kirefu kuliko upana wake, na juu nikaweka vifungo vya sukari, kibiringo cha uzi, na mkasi mdogo uliofunguka kidogo, kama fundi kauweka chini aende kupokea mgeni. Kingo zote nne nikazishonea upindo, tundu moja moja, kwa ncha nyembamba kuliko njiti. Maneno nikayaandika kwa krimu niliyoitia rangi ya bitiruti, kwa kuwa rangi za dukani zina uchungu. Mstari wa kwanza katikati, wa pili chini, karibu kabisa na upindo. Kati ya KWA na HERI niliacha nafasi ya kidole kizima, ili hata mwenye macho mabovu aone ni maneno mawili. Nilikuwa nimemshonea mama mkwe wangu nguo, kwa lugha yake mwenyewe. Niliiangalia nikalia, na sioni aibu kusema.

Nikaifunika kwa chandarua cha chakula pale stoo, nikaenda kuoga na kuvaa. Nilipotoka, shemeji zangu wawili walikuwa wameshaibeba na kuiweka mezani, imefunikwa vilevile. Uani kumejaa. Mama mkwe kavaa gauni alilojishonea, kajitanda mtandio mpya, kakaa kama malkia. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, mtu mwenye maneno mengi kama kasuku aliyelipwa, akaondoa chandarua kwa mbwembwe na kusoma kwa sauti ya kuimba:

"Na ujumbe wa familia unasema... Mama yetu, kwa heri!"

Mmoja akacheka. Kisha hakuna aliyecheka.

Nikasukuma watu nikafika mezani. Mstari wa pili haukuwepo! Upindo wa chini haukuwepo. Keki ilikuwa imepunguzwa ukanda mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, na pale palipokatwa krimu imelainishwa kwa kisu mpaka ungeapa ilizaliwa hivyo. Mwizi wa kawaida anamega pembe. Huyu alikuwa amepunguza nguo.

"Mchawi!" Wifi alikuwa ameshashika kiuno. "Siku ya kuzaliwa ya mama yangu, unamuaga? Unamchimbia kaburi hadharani?"

"Kulikuwa na mstari wa pili! Mume wangu, waambie! Shairi ni lako!"

Malenga akatazama viatu vyake. Watu wote wakamtazama yeye. Kisha akasema, taratibu, ukweli mtupu: "Mimi nilimpa mistari miwili."

Basi. Mtu anaweza kukuchinja kwa ukweli, ndugu zangu, na kisu kikabaki safi.

"Piga magoti," akaniambia. "Muombe Mama radhi, yaishe."

Nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga, mimi huyu. Nikashika mkono wa mama mkwe wangu, na hapo nikaona. Chini ya kucha zake, wekundu wa bitiruti. Bitiruti haitoki kwa maji mara moja, muulize yeyote anayepika. Na mkononi ananukia vanila yangu.

Nikaelewa yote nikiwa bado chini. Bibi wa watu, sherehe yake, keki yake, na kaambiwa asilambe hata kidole. Kaingia stoo peke yake. Kapunguza upindo kwa mkono wake wa kifundi ili isijulikane, na maneno yaliyokuwa pale kwake yalikuwa mapambo tu. Hakukusudia ubaya. Mpaka hapo, haki ya Mungu, nilimwonea huruma.

"Mama," nikamnong'oneza, "sema tu. Sitasema habari ya kusoma. Sema uliionja, tucheke yaishe."

Akanitazama. Alijua kwamba nimejua. Akavuta mkono wake polepole, akauingiza ndani ya mtandio.

"Mimi nitajuaje?" akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Labda ndivyo anavyonitakia."

Keki ilitupwa jalalani na vifungo vyake vyote. Katika watu wote wale, aliyeijua ladha yake alikuwa mmoja. Mimi nilitoka jioni ileile na begi moja na mifuko yangu ya krimu, mume wangu kanisindikiza mpaka getini akiniambia nimpe muda, hasira za Mama zitapoa. Thubutu! Hazikuwa hasira. Ilikuwa aibu, na aibu haipoi, inatafuta wa kumvaa.

Jina likanifuata. Mama Kwaheri. Wateja wakakata mguu, maana nani anataka keki ya harusi iliyopambwa na mchawi? Nikahangaika, nikapika chapati za watu, nikafua. Mpaka siku moja nikasema, kumbe jina si limeshatangazwa bure? Nikakodi kichumba kando ya barabara, nikaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: KEKI ZA MAMA KWAHERI. Wakaanza kuja wanaostaafu, wanaohama kazi, wanaosafiri kwenda masomoni. Watu wanaagana kuliko wanavyooana, mkitaka kujua.

Ndipo wiki iliyopita akaja Malenga. Kakonda, shati limekosa kifungo. Nyumba yenye fundi na shati halina kifungo, nikajua kuna jambo.

"Mama ni mgonjwa," akasema. "Hainuki tena kitandani. Daktari amesema mpeni anachotaka."

"Anataka nini?"

Akatazama friji. "Ile keki yako. Ametuambia sote, mimi na dada. Ni yeye aliyekata. Dada amelia sana."

"Kawaambia ndani ya chumba."

"Ndani ya chumba. Hawezi kutoka, mke wangu."

"Mimi si mke wako. Endelea."

"Amesema..." Macho yake yakajaa machozi. "Amesema, nenda kwa yule fundi. Mwambie fundi anipikie."

Neno lenyewe hilo. Nililingoja mlangoni, nililingoja na sinia la chai, nililingoja nikiwa nimepiga magoti. Likaja siku hii, limebebwa na mtu asiye na kifungo, na wa kulisikia ni mimi na friji. Nilidhani litanishibisha. Nikasikia baridi tu.

"Njoo kesho mchana," nikasema.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilipika, na nilipika vizuri kuliko siku ile, sikupunguza hata yai. Kitambaa cheupe, vifungo, kibiringo cha uzi, mkasi. Upindo kingo zote nne. Bitiruti niliichemsha mwenyewe. Alipokuja nikamfungulia boksi aone kabla hajalipokea, ndivyo ninavyofanya kwa kila mteja.

Akasoma. Akashika ukingo wa meza.

"Atataka kujua imeandikwa nini," akasema kwa shida. "Lazima ataniuliza. Siku hizi kila kitu anataka asomewe."

"Msomee. Si shairi lako?"

"Lakini umeandika mmoja." Kidole chake kikapita juu ya sehemu ya chini, nyeupe, tupu, iliyolainishwa vizuri. "Mstari wa pili uko wapi?"

Nikafunika boksi, nikalifunga kwa uzi, nikapiga fundo.

"Wa pili alishaula."