Ushahidi wa Chungu Kibichi

Katika mji huo sheria ilikaa hekaluni, na ushahidi ulikaa chunguni. Aliyeona kosa hakusimama mbele za watu kunyoosha kidole. Aliinamia chungu kitupu akasema alichokiona, askari wa hekalu akaziba mdomo wa chungu kwa nta, kikawekwa rafuni siku tatu ili hasira zipoe. Siku ya tatu kuhani alibandua nta, na maneno yakatoka yenyewe mbele ya wote, kwa sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, hata mzazi wako asingeitambua. Shahidi alilindwa hivyo.

Vyungu hivyo alivifinyanga mama mmoja mjane. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea yeye na binti yake wa pekee.

Asubuhi moja, tanuri lake likiwaka tangu alfajiri, mama alikuwa akifagia chumba cha binti, ufagio ukagonga kitu uvunguni. Akakivuta. Kilikuwa kichupa cha mafuta matakatifu, yale yanayowashwa madhabahuni, nusu yake imekwisha.

"Nini hiki?"

Binti alikuwa kwenye kioo, hata hakugeuka. "Nimepaka usoni kidogo tu, mama. Wakwe wanakuja wiki ijayo. Angalia ninavyong'aa."

"Unajua aliyeiba haya anafanywa nini?"

"Anatolewa langoni asirudi. Kwani nani kaniona?"

Mama hakumkalipia. Na hilo, jamani, halikuanza siku ile. Lilikuwa na miaka kumi na tisa. Binti akivunja, mama anafagia. Binti akitukana watu, mama ndiye anayezunguka majumbani kuomba radhi, na akirudi anamkuta mtoto keshalala, hana habari. Basi hata siku hiyo alichukua kichupa, akayamwaga mafuta ndani ya tanuri, akakivunja, akaendelea kuchoma vyungu vyake kana kwamba hakuna kitu.

Haikupita saa moja, sajenti wa hekalu akabisha hodi. Matone ya mafuta yalikuwa yamefuatwa toka madhabahuni mpaka kwenye kichochoro chao, na kichochoro kilikuwa na nyumba mbili tu: ya mama huyo, na ya mzibua mifereji aliyeitwa Kijiko, kwa vile alikuwa mwembamba mwili mzima isipokuwa kichwa. Kijiko aliishi na mama yake kipofu.

"Mama, wewe ni mtu wetu," sajenti akasema. "Umemwona nani alfajiri ya leo akipita na kichupa?"

Angeweza kusema hajui. Lakini macho ya sajenti yalikuwa yameshatua kwa binti aliyesimama mlangoni, uso unang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Nitasema chunguni," akajibu upesi.

Akaenda pembeni kuchagua chungu, akachagua kibichi makusudi, kile ambacho moto haukukiivisha. Alikigonga kwa kucha, hakikulia. Alijua chungu kama hicho huvujisha sauti kama kinavyovujisha maji. Siku ya tatu kitafunguliwa kikiwa kitupu, kesi itafutwa, hakuna atakayeumia. Juu ya hayo akayalainisha maneno yake kadiri alivyoweza. Akainama akanong'ona: "Labda nilimwona Kijiko. Sina hakika. Huenda alikuwa na kichupa cha mafuta, huenda ni koleo lake. Palikuwa na moshi, na macho yangu siku hizi si ya kutegemea."

Sajenti akaziba. Mama akashusha pumzi.

Kesho yake Kijiko akaja mwenyewe, magwanda yamelowa tope mpaka magotini.

"Dada, umesikia? Kuna chungu kimezibwa, na kichochoro ni nyumba mbili tu, basi eti nimeiba mafuta matakatifu. Mimi! Nikijipaka mafuta usoni nani atanitazama, panya wa mferejini?"

Mama akajitahidi kucheka.

"Huyo shahidi simjui, wala simchukii," Kijiko akaendelea. "Kaona vibaya tu. Ila nikitolewa, nakuomba uwe unamchungulia bi mkubwa. Chai yake anataka ya moto kabisa. Ikipoa anakurushia kikombe, na kwa upofu wake ule anakupata!"

"Hutatolewa, mdogo wangu."

"Umejuaje?"

Mama akageukia kapu la mikate. Akamfungia mkate, akamwambia ampelekee bi mkubwa. Kijiko akashukuru mara tatu, na kila shukrani ilimchoma kama kaa la moto.

Siku ya tatu hekalu lilijaa. Mama alikaa nyuma na binti yake, anahesabu pumzi, anangoja ukimya. Kuhani akabandua nta.

Chungu kilisema. Kilisema kwa uchache, lakini kilisikika hadi mlangoni: "Nilimwona Kijiko. Alikuwa na kichupa cha mafuta."

Miaka yote hiyo ya ufinyanzi, na mama hakuwahi kulifikiria hili: kwenye chungu kibichi hutangulia kuvuja maneno mepesi. "Labda" imevuja. "Huenda" imevuja. "Sina hakika" imekwenda na koleo, moshi na macho mabovu. Yaliyobaki ni yale mazito, yaliyozama chini.

"Mwenye neno aseme," kuhani akatangaza.

Pale mbele Kijiko alikuwa akimtafuta kwa macho mtu wa kumtetea. Aliyemwona ni jirani yake, akamtikisia kichwa kidogo, kama kumwambia, usisahau chai.

Mama akasimama.

"Shahidi ni mimi. Nilisema uongo."

Watu wakaguna. Kuhani akauliza, "Basi mafuta alichukua nani?"

Hakujibu mara moja. Alingoja. Kuhani akauliza mara ya pili, naye bado akangoja, si kwa kuwa jibu lilimpotea, bali alitaka asikie gauni likisugua benchi pale kando yake, mtu akiinuka. Akamtupia jicho binti. Binti alikuwa akitazama kucha zake.

"Mimi," mama akasema. "Nilichukua mimi."

Hukumu ikatoka hapo hapo. Kijiko akaachiwa huru, mama akapewa muda wa kufunga kifurushi. Binti alilia sana nyumbani, akamkumbatia, akasema kichwa kinamuuma, hataweza kufika langoni.

Aliyembebea kifurushi ni Kijiko. Walitembea, askari wawili nyuma yao, mpaka lango likaonekana.

"Dada, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hukuwa na wa kukusemea." Alijibu bila kumtazama.

Kijiko akasema, "Mafuta hukuiba wewe. Asubuhi ile tangu alfajiri ulikuwa kwenye tanuri lako, moshi wako ulinitoa machozi hadi mferejini. Ni yule bibi harusi wako."

Mama akamshika mkono. "Nakusihi, mdogo wangu. Usiseme. Ukiulizwa, sema hujui."

Kijiko akasimama. Akakiweka kifurushi chini polepole.

"Juzi ulisema uongo juu yangu. Leo umesema juu yako. Sasa unataka na mimi niseme wangu, kwa ajili ya mtoto yule yule?"

Mama alitaka kumwambia ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akaufikiria ule uso unaong'aa, na kucha zilizotazamwa hekalu zima likingoja, akajua aliyemfundisha binti kuzitazama ni yeye mwenyewe. Akauachia mkono wa Kijiko.

Kijiko akageuka, akarudi hekaluni kwa hatua ndefu. Mama hakumwita.

"Mama, twende, lango linangoja," askari mmoja akasema.

"Subirini kidogo, wanangu."

Akakaa juu ya kifurushi chake, kisha akasogea upande, akaacha nafasi ya binti yake.